Udongo unaondoka, sheria inatazama

Mvua za msimu ziko njiani, na huko Kanda ya Kati na Kanda ya Ziwa za Tanzania moshi unafuka mashambani. Mabua ya msimu uliopita yanakusanywa na kutiwa kiberiti ili shamba lionekane safi. Mvua ya kwanza itaikuta ardhi iko uchi. Matone yatapiga, uso wa shamba utajiziba, maji yatakosa pa kuzama na yataanza kutiririka. Yakitiririka yatabeba kwanza kilicho chepesi, yaani mboji na chembe laini za mfinyanzi, ambazo ndizo zenye rutuba. Mchanga mzito ndio utakaobaki. Mkulima atapanda papo hapo, na akivuna magunia matano pale alipozoea kuvuna kumi, atailaumu mbegu, au mvua, au jirani mwenye kijicho.

Gazeti hili linapiga mbiu leo kwa sababu hatari hii inakua bila kelele. Mto ukibomoa daraja, viongozi hufika kesho yake. Udongo wa juu ukiondoka katika kata nzima hafiki mtu, haiandikwi ripoti, haifunguliwi kesi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linasema sentimita mbili hadi tatu za udongo zinaweza kuchukua hadi miaka 1,000 kujitengeneza. Linakadiria pia kwamba asilimia 95 ya chakula cha binadamu hutokana na udongo kwa njia moja au nyingine. Tunachokipoteza kwa mvua za mwezi mmoja hakitarudi katika uhai wa wajukuu wa wajukuu zetu, na bado nchi inaendelea kana kwamba udongo ni mali isiyokwisha.

Si kwamba hatuna sheria. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Zinaeleza kwa kirefu nani anamiliki, nani anagawa, nani analipwa fidia. Kuhusu hali ya shamba lenyewe, kifungu cha 29 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinamtaka mwenye haki ya kimila aitunze ardhi yake na ailime kwa kanuni njema za kilimo zilizozoeleka mahali pale. Ni maneno mema, lakini hayapimwi na hayakaguliwi. Na pale ambapo mazoea yenyewe ni kuchoma moto na kulima kufuata mteremko, maneno hayo hayana msaada wowote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na fukwe za maziwa, na ina kifungu kuhusu milima na miteremko. Chini yake zilitungwa kanuni za ubora wa udongo mwaka 2007, ambazo vipimo vyake vinahusu zaidi sumu, yaani metali nzito na mabaki ya viuatilifu. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inahusu ramani: hapa kilimo, pale malisho, kule makazi. Sheria ya Mbolea ya 2009 inalinda kilichomo ndani ya mfuko, mkulima asiuziwe mchanga uliopakwa rangi. Kila sheria imeshika kona yake. Udongo unaoteremka kutoka shambani hadi mtoni unapita katikati ya zote.

Matokeo yake ni kwamba mkono wa sheria unamfikia yule aliye rahisi kufikiwa. Mama wa bustani ya mchicha kando ya mto hung'olewa matuta yake na kutozwa faini. Ni kweli kingo za mito zinahitaji kulindwa, na hatuitetei bustani iliyo ndani ya mita 60. Tunauliza tu udongo uliojaa katika mto ule ulitoka wapi. Mwingi haukutoka katika matuta yale matatu. Ulitoka juu, katika mamia ya mashamba yasiyo na kinga maji hata moja, na mara nyingi ulitoka barabarani.

Hapa pa barabara tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa maana jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Chukua kijiji chochote chenye kilima na barabara ya vumbi inayopita juu ya mashamba. Greda limepita. Mifereji imechongwa pande zote mbili, na kila baada ya hatua kadhaa kuna mchepuko au kalavati la kumwaga maji pembeni. Mkandarasi amefanya kazi yake vizuri, kwani maji hayatuami barabarani. Lakini pale mchepuko unapoishia ndipo shamba la mtu linapoanzia. Mwaka wa kwanza ni kijifereji cha kuruka bila kukunja suruali. Mwaka wa pili mtoto wa shule anatafutiwa gogo la kuvukia. Ukija mwaka wa nne, ni korongo. Mizizi ya mwembe inaning'inia hewani, kuta zinameguka kila mvua inaponyesha, na shamba moja limekuwa mawili ambayo plau ya ng'ombe haiwezi kuvuka kutoka moja hadi jingine.

Mwenye shamba akienda kwa mtendaji wa kijiji, ataambiwa amwone diwani. Diwani atamwelekeza halmashauri, na halmashauri itamwambia barabara ile ina wenyewe. Mkataba wa ujenzi unataka maji yatoke barabarani, basi. Hautaki yapelekwe mahali salama, hautaki mawe yapangwe pale yanapoangukia, hautaki nyasi zipandwe. Na mkulima yuleyule aliyepoteza robo ya shamba akishuka kulima bondeni kwa sababu juu hapalimiki tena, sheria ya mita 60 inamsubiri.

Kwa hiyo tunasema nchi inahitaji sheria ya kuhifadhi udongo. Lakini tunasema kwa tahadhari kubwa, kwa sababu nchi hii imewahi kuwa na kanuni kali za udongo, na zilimwaga damu.

Miaka ya 1930 vumbi la nyanda za Marekani lilipaa hadi Washington, na watawala wa Kiingereza Afrika Mashariki wakashtuka kwamba yatatokea huku. Marekani yenyewe ilitunga sheria ya hifadhi ya udongo mwaka 1935, na miaka miwili baadaye serikali kuu ikayahimiza majimbo kuunda wilaya za hifadhi ya udongo, ambazo wakulima wenyewe wangezikubali kwa kura na kuziongoza. Fundi alitumwa na serikali, lakini uamuzi ulikuwa wa mkulima. Huku kwetu hofu ilikuja ileile, uamuzi haukuja. Kilichokuja kilikuwa amri.

Katika milima ya Uluguru, mpango ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Waluguru walikuwa na hoja ambayo wataalamu baadaye waliikubali: udongo wa juu pale ni mwembamba, na ukichimba ngazi unaufukia ule wenye rutuba na kuufunua wa chini usiootesha kitu. Walifanyishwa kazi siku kadhaa kila wiki katika mashamba ambayo yangezaa kidogo kuliko mwanzo. Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Mpango ukafa naye. TANU, chama kilichopigania Uhuru, ilipata wafuasi wengi katika milima ile, na ilistahili kuwapata.

Tumelipia kumbukumbu hiyo kwa muda mrefu. Miaka mingi baada ya Uhuru, kusimama mkutanoni na kuhimiza matuta kulikuwa kujitafutia balaa la kisiasa, kwani tuta lilikuwa limekwisha kuwa alama ya ukoloni. Mashamba yalipanda milima, na kinga maji za zamani zikasawazishwa.

Serikali huru ilipoamka, ilianzia Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Vilima vya Irangi vilikuwa vimeliwa na makorongo kiasi kwamba udongo mwekundu ulifunika mashamba ya bondeni na mito ikawa vitanda vya mchanga. Mwaka 1979 lilikatwa shauri: mifugo yote, makumi ya maelfu ya vichwa, iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi, miti ikarudi, na makorongo mengi yakaanza kupona. Anayepita leo katika vilima vile anaona kijani ambacho baba zake hawakukiona.

Sifa hiyo tunaitoa, na gharama yake tunaitaja. Kaya zilipoteza maziwa, samadi na akiba kwa siku moja ya tangazo. Mifugo haikuyeyuka, ilikwenda kukanyaga nyanda za jirani. Miaka kumi ilipita kabla watu hawajaruhusiwa kurudisha ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani. Nchi haikujifunza vya kutosha, kwani mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na makundi ya ng'ombe yakasafirishwa hadi Lindi, na migogoro ya wakulima na wafugaji ikasafiri pamoja nao. Kumhamisha ng'ombe bila kumpa malisho kunahamisha mmomonyoko kutoka wilaya moja kwenda nyingine.

Sasa tazama Shinyanga. Huko misitu ilifyekwa tangu enzi za ukoloni kuua mbung'o, kisha pamba na ng'ombe vikaongezeka, na uhamisho wa watu wakati wa Operesheni Vijiji ukavunja maeneo ya hifadhi ambayo kila ukoo ulikuwa nayo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulifanya jambo ambalo miradi mingi haijui kulifanya: uliwauliza Wasukuma walikuwa wakifanyaje. Jibu lilikuwa ngitili. Ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza, nyasi na miti vikaachwa vikue, kikafunguliwa kiangazi kinapokolea na malisho mengine yameisha. Mlinzi wake ni dagashida, baraza la wazee na wanakijiji, lenye uwezo wa kumtoza mkosaji au kumtenga. Mtu anaweza kuhonga mlinzi wa msitu. Kulihonga baraza la kijiji kizima ni kazi nyingine.

HASHI ilipoanza, ngitili zilizojulikana hazikufika hekta 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Haikuhitajika risasi wala lori la kubebea ng'ombe. Kilichohitajika ni serikali kuuambia utaratibu wa wananchi: endelea, nami nitakuunga mkono.

Tunaweza kuongeza mifano. Wamatengo wa Mbinga wamelima ngoro kwa vizazi na vizazi katika miteremko mikali. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatizana, wanawake huchimba katikati na kufunika nyasi kwa udongo, na shamba zima linakuwa mashimo na kingo. Maji hukwama katika kila shimo, nyasi huoza chini ya tuta, maharage na mahindi hupokezana. Hakuna sheria ya Bunge iliyowaagiza. Machakos, ng'ambo ya mpaka, amri ya kupunguza ng'ombe mwaka 1938 ilizaa maandamano ya Wakamba hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Wilaya ileile, ilipopata soko la kahawa na mboga, uhakika wa kumiliki shamba na vikundi vya kusaidiana vya mwethya, ilichimba matuta ya fanya juu kilima baada ya kilima. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, huku mmomonyoko ukipungua.

Kutokana na hayo tunaona wazi sheria tunayoitaka ifananeje, na tunaona pia kwamba haitatosha ikiwa itamtazama mkulima mwenye shamba peke yake. Kuna wengine wanaoumaliza udongo ambao leo hawaonekani kabisa.

Wa kwanza ni mkodishaji wa msimu mmoja. Sehemu kubwa ya mashamba mazuri, hasa karibu na miji na katika mabonde ya mpunga, hulimwa na watu waliokodi. Bei hupatanwa kwa ekari, kwa msimu, mara nyingi kwa mdomo. Nani atapanda nyasi za kontua, au kumwaga samadi inayofanya kazi miaka mitatu, katika shamba atakalonyang'anywa mwakani akionekana amevuna vizuri? Mkodishaji hana kosa kwa kuukamua udongo; mapatano yenyewe ndiyo yanayomfundisha. Sheria iweke muda wa chini wa kukodi shamba la kilimo, misimu minne au mitano, iandikwe mbele ya serikali ya kijiji, na anayeondoka kabla ya muda alipwe gharama ya alichokijenga ardhini.

Wa pili ni mchimba kifusi na mfyatua matofali. Kila mji unaokua unakula udongo wa vijiji vinavyouzunguka. Udongo unaofaa kwa tofali za kuchoma ndio huohuo unaofaa kwa mpunga na mboga. Tanuri likishazima linabaki shimo la maji ya mbu, na mwenye eneo ameuza mara moja kitu ambacho kingemlisha maisha yake yote. Kibali cha uchimbaji kisitolewe bila fedha ya kurudishia shimo kuwekwa kwanza mikononi mwa kijiji, na udongo wa juu utengwe pembeni kabla ya kuchimba ili urudishwe. Jambo hili ni rahisi kulisimamia. Linahitaji mtendaji mwenye karatasi mkononi na mamlaka ya kusimamisha lori.

Halafu kuna serikali yenyewe, pale inapoamuru moja na kuhimiza jingine. Kwa muda mrefu mkulima wa pamba ametakiwa ang'oe masalia na kuyachoma baada ya mavuno ili kukatiza maisha ya wadudu. Sababu ipo, kwani funza wa vitumba hujificha humo. Lakini ofisa ugani mwingine, kijiji hichohicho, anamwambia asichome chochote, aache matandazo. Mkulima afuate lipi? Watafiti wa kituo cha Ukiriguru wanajua pamba kuliko sisi. Waulizwe rasmi kama kuna njia ya kuua funza bila kuunguza mboji, na kanuni zirekebishwe kwa jibu lao.

Na kuna mbolea. Hapa tutasema jambo ambalo halitapendwa. Ruzuku iliyorejeshwa msimu wa 2022/23 imewasaidia wakulima wengi, na hatuungi mkono kuiondoa. Wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja mwaka 2006 waliazimia kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, kutoka wastani wa kilo 8 wa wakati huo, na bara likashindwa. Hesabu ya shambani ni ya wazi: kila gunia la kilo 100 za mahindi linalopanda lori kwenda Kibaigwa au Tunduma linaondoka na kilo moja na nusu hivi ya naitrojeni. Magunia 15 kwa ekari ni zaidi ya kilo 20, karibu sawa na naitrojeni yote iliyomo katika mfuko mmoja wa yurea wa kilo 50. Mabua nayo yakichomwa au yakiliwa na ng'ombe wa mtu mwingine, shamba limetoa na halijapokea.

Lakini mfuko wa mbolea hauponyi udongo wenye uchachu. Katika nyanda za juu zenye mvua nyingi, Njombe, Ruvuma na kwingineko, kuna mashamba ambayo fosfeti ikimwagwa inakamatwa na chuma na alumini kabla mzizi haujaigusa. Mkulima anaona ameweka mbolea ya kupandia na mahindi yamekuwa ya zambarau, anasema mbolea ni feki. Anaongeza yurea au salfeti ya ammonia, yaani SA, ya kukuzia, ambazo mwaka hadi mwaka zinazidisha uchachu. Wakulima wenyewe wamekwisha kuliona: nenda popote utasikia kwamba shamba limezoea mbolea, kwamba SA inaunguza ardhi. Wanachohitaji pale ni chokaa ya kilimo, samadi na kipimo. Fosfeti ya Minjingu, tuliyojaliwa nayo Manyara, inafanya kazi vizuri zaidi katika udongo wenye uchachu kuliko kwingine, na kuipeleka bila kupima ni kubahatisha.

Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maofisa ugani na vifaa vya kupimia udongo kwa halmashauri. Bajeti ya Wizara ya Kilimo iliruka kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh954 bilioni mwaka uliofuata, na imepanda tena tangu hapo. Tunazipongeza hatua hizo kwa moyo mweupe. Hatua iliyobaki ni ya kisheria: ruzuku ifungamane na kipimo. Mkulima aliyesajiliwa apate mfuko wake, na kila msimu wa tatu apate pia cheti cha udongo wake kilichoandikwa kwa Kiswahili anachokielewa, na chokaa iingie katika ruzuku pale cheti kinaposema inahitajika. Kituo cha Mlingano, kilichozaliwa kama kituo cha mkonge na sasa ndicho kitovu cha utafiti wa udongo nchini, kiwezeshwe kuchapisha kila miaka mitano hali ya udongo wa kila wilaya, ili mbunge na diwani wajue wilaya yao imepanda au imeshuka.

Wapo watakaosema sheria ni nyingi mno tayari, na kwamba nyingine mpya itakaa kabatini. Hoja hiyo tunaiheshimu, na ndiyo maana hatuombi sheria ya faini. Kila kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na vingine tayari vina mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopangwa katika faili. Kinachokosekana ni fedha ya kufanya kazi hiyo, na uwezo wa kijiji kumwambia mkubwa hapana. Mkutano mkuu wa kijiji ukiamua kwamba kilima fulani kitafungwa na kulimwa kwa kontua tu, uamuzi huo uwe na nguvu juu ya mwekezaji, juu ya mkandarasi na juu ya mkubwa wa mjini aliyenunua ekari 50, sawasawa na ulivyo na nguvu juu ya maskini. Mikataba ya wakala za barabara, TANROADS na TARURA, iwe na sharti la kuyafikisha maji ya mvua mahali salama, na malipo ya mwisho yasitolewe mpaka serikali ya kijiji imetia saini kwamba hakuna shamba lililoachiwa korongo.

Kuhusu fedha, jawabu lilikwisha kujaribiwa, tena Uluguru kulekule ambako tuta liliua mtu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima wa juu ya Mto Ruvu na watumiaji wa maji walioko chini, kampuni ya maji ya Dar es Salaam, DAWASCO, ikiwa mmoja wa walipaji. Wakulima walilipwa kwa kupanda miti, kuweka nyasi na kuchimba matuta. Wajukuu wa waliokataa tuta la amri walichimba tuta la malipo, kwa mikono yao, katika milima ileile. Mradi ulikuwa mdogo na ukafika mwisho wake, kama ilivyo kwa miradi.

Lakini sababu yake haijaisha. Bwawa la Mindu, linalonywesha Morogoro, limejaa tope linaloteremka kutoka katika vilima vinavyolizunguka. Mtambo wa maji wa Dar es Salaam unatumia dawa nyingi zaidi kila Ruvu inapogeuka chai ya maziwa. Bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linategemea mito inayochimba udongo wa wakulima wa Kilombero na Ruaha. Mkulima wa mlimani amekuwa akiwapa watu wa chini maji na umeme bure, na nyumba yake haina kimoja wala kingine.

Mei 2024, mjini Nairobi, viongozi wa Afrika waliahidi kurejesha afya ya udongo katika angalau asilimia 30 ya ardhi iliyochakaa ifikapo mwaka 2034. Ulaya, yenye fedha kuliko sisi, ilipendekeza sheria ya udongo mwaka 2006, ikaiondoa mwaka 2014 baada ya mataifa kadhaa kuikwamisha, na ikapitisha nyingine mwaka 2025. Miaka 19 hiyo sisi hatuna. Mvua zetu ni kali zaidi, miteremko yetu inalimwa kwa jembe la mkono, na kaya nyingi hula zilichovuna.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo tunaitaka Wizara ya Kilimo, pamoja na zile za Ardhi na Maji na Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira, zipeleke mbele ya Kamati ya Bunge rasimu moja ya sheria ya hifadhi ya udongo iliyosainiwa na mawaziri wote, ili kusiwe na wa kumsukumia mwenzake. Na tunaitaka Wizara ya Maji isiisubiri hata rasimu hiyo. Bodi za Maji za Mabonde tayari zinatoza ada za matumizi ya maji kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Sehemu ya ada hizo, kwa kiwango kitakachotangazwa hadharani, itengwe kuanzia mwaka huu wa fedha kwa vijiji vilivyo juu ya vyanzo vya mito, ilipwe kwa mita za kontua zilizochimbwa na kukaguliwa, na orodha ya vijiji vilivyolipwa ibandikwe katika ofisi ya kila kata.